Mmekosa Nauli?

Babu yangu alikuwa na baiskeli ya Phoenix, nyeusi, ya Kichina, na sijawahi kumwona akiipanda bila sababu. Alipeleka mahindi mashineni. Alimpeleka bibi zahanati. Alikwenda misibani, alikwenda kudai madeni, na mwezi ukiwa mbaya alikwenda kuwakwepa wanaomdai. Siku asiyokuwa na safari, Phoenix iliegemezwa ukutani na kufunikwa gunia, na ole wake mtoto atakayepiga kengele. Angefufuka leo akaambiwa kwamba mjukuu wake, mwenye ajira na nauli mfukoni, ameomba likizo ili apande mlima kwa baiskeli, afike juu, ashuke, kisha alipie, angeitisha kikao cha ukoo kabla hata ya kuuliza habari za watoto.

Mambo haya yaliingia nyumbani kwangu kupitia kwa mke wangu. Yeye aliyapata kwa mwenzake wa kazini, na mwenzake aliyapata kwa daktari aliyemwambia apunguze uzito. Badala ya kupunguza chapati kimyakimya kama watu wengine, dada huyo akafungua kundi la WhatsApp. Kabla hatujagusa pedeli tulikuwa na Mwenyekiti, Katibu, Mhazini, na Mratibu wa Afya ambaye kazi yake ya kila siku ni kuuza bima za magari. Sisi hatujui kwenda mahali bila kamati. Harusi ina kamati, msiba una kamati, kipaimara kina kamati, kwa nini baiskeli ikose? Njia ya safari ilijadiliwa dakika tano. Rangi ya fulana ilijadiliwa wiki mbili, na watu wawili wakajitoa kwenye kundi kwa hasira, mmoja akarudi usiku.

Nieleweke vizuri. Na baiskeli yenyewe sina ugomvi. Nikiwa peke yangu, asubuhi, barabara haina malori, napanda na kufurahi na kurudi nyumbani nikiwa mtu mwema. Ugomvi wangu ni na kundi. Mlima unachosha miguu tu, lakini kundi linachosha mpaka majina uliyopewa ubatizoni.

Nimetafuta wa kumlaumu nikampata Mwingereza. Mwaka 1878, mjini Harrogate, watu waliokuwa wakipanda zile baiskeli za zamani zenye gurudumu la mbele la kumfika mtu kifuani walikutana wakaanzisha chama cha kutalii kwa baiskeli. Nadhani unajua walichofanya mapema kabisa. Walichagua sare! Koti zito la kijani, suruali za kuishia magotini, na kofia ngumu. Halafu wakakubaliana na hoteli ziwapunguzie bei wanachama. Kwa hiyo sare ilikuwepo, kadi ya uanachama ilikuwepo, punguzo lilikuwepo, na bila shaka mhazini wa kuwakumbusha watu michango alikuwepo pia. Lakini wale wana udhuru. Tairi ya upepo ya Dunlop ilikuja miaka kumi baadaye, na gari la kwanza la Benz lilikuwa halijatembea bado. Walipanda baiskeli kwa sababu njia nyingine barabarani ilikuwa farasi. Mimi gari ninalo. Siku ile tunaondoka nililiacha uani, limeoshwa, lina mafuta nusu tangi, likinitazama.

Mwenyekiti akatangaza: Mombo hadi Lushoto, kilomita 33. Ukiisikia hivyo ukiwa umekaa kwenye kochi unaona ni kitu cha asubuhi, unamaliza unakunywa chai. Alichosahau kukiandika ni kwamba Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari na Lushoto iko karibu 1,400. Hizo ni kilomita 33 za kulala na moja ya kusimama wima. Wajerumani walipotawala waliipenda Lushoto kwa sababu ya baridi yake, wakaiita Wilhelmstal, na walikuwa wakipanda huko kulikimbia joto la pwani. Sina rekodi ya Mjerumani yeyote aliyeambiwa apande mwenyewe kwa nguvu zake huku Mratibu wa Afya akimpigia kelele kwamba maumivu yote yamo kichwani.

Mombo mnaijua. Mabasi ya Moshi na Arusha yakitoka Dar yanasimama maeneo yale watu wale. Coaster yetu ya kukodi ilitushusha pale saa nne asubuhi, jua limeshika kazi, katikati ya abiria wenye sahani za chipsi na kuku. Sasa fikiria watu wazima, wengine wana wajukuu, wanashuka ndani ya gari wamevaa kaptula nyeusi za kubana zilizoshonewa sponji nyuma, na fulana za rangi ya machungwa zilizoandikwa majina ya vyeo. Yangu iliandikwa Mjumbe. Kijana mmoja muuza karanga alituzunguka mara mbili bila kusema neno, halafu akamuuliza dereva wetu kwa sauti ya chini kama Mwenge wa Uhuru unapita leo.

Ndivyo ilivyokuwa njia nzima. Mzungu akipita kwa baiskeli vijijini watoto wanamkimbilia kwa shangwe, na wakubwa wanajua ni starehe zake. Kila mwaka wako wengine wanatoka Cairo wanakwenda mpaka Cape Town, maelfu ya kilomita, wanapita Arusha na Dodoma na Iringa, na hakuna anayeshangaa, wazungu wana mambo yao. Lakini Mswahili mwenzako akikuona unapanda mlima juani bila mzigo wa kupeleka mahali, moyo unamuuma. “Poleni jamani! Gari imeharibikia wapi?” Kina mama waliokuwa wakirudi shambani walisimama pembeni kutupisha. Mzee mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe akasimamisha panga hewani, akatutazama mmoja mmoja hadi wa mwisho, yaani mimi, akauliza kwa huruma ya dhati kabisa: “Mmekosa nauli?”

Nikamwambia, “Hapana mzee, shikamoo, tunafanya utalii.”

“Marahaba. Utalii wa nini?”

Sikuwa na pumzi ya kumjibu, na hata ningekuwa nayo sina hakika ningesema nini.

Sasa nifike kwenye kiini cha lalamiko langu, kwa sababu jambo hili sijawahi kusikia likisemwa hadharani. Kundi lolote la baiskeli lina watu wa aina mbili: wanaosubiri na wanaosubiriwa. Anayesubiri anafika kwenye kona ya juu, anashuka, ananyoosha miguu, anakunywa maji, anakula ndizi, anapiga picha, anapiga na umbea. Baada ya robo saa anatokea anayesubiriwa, macho yamemtoka, hata jina la mtoto wake wa kwanza halikumbuki. Gurudumu lake la mbele linapogusa kivuli tu, Mwenyekiti anapiga makofi: “Haya, tumetimia, twendeni!” Kwa hiyo mwenye nguvu amepumzika robo saa, na mchovu hajapumzika hata sekunde. Zidisha hesabu hiyo kwa kona zote za barabara ya Lushoto, nawe unajua zilivyo, utaelewa kwa nini nilifika Soni, mji mdogo wa njiani, nikiwa nawachukia watu ambao nimekula nao pilau za harusi. Nilipotoa hoja kwamba anayefika mwisho apewe naye muda, Katibu alisema hoja ni nzuri na itajadiliwa kwenye kikao cha tathmini. Kikao cha tathmini kilijadili fulana.

Soni nilipata pancha, na naikumbuka pancha ile kwa shukrani. Pale barabarani, chini ya mti, palikuwa na fundi kijana na karai lake la maji, pampu ya mguu, na tyubu kuukuu zinaning'inia kwenye tawi. Alitoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye karai akiizungusha polepole mpaka mapovu yakajitokeza, akaweka kidole pale pale, akapangusa, akasugua kwa msasa, akapaka solusheni, akaipulizia kidogo kwa mdomo huku akiendelea kuongea na muuza plamu wa jirani, akabandika kiraka alichokikata kwa mkasi. Kazi safi, haina haraka. Kisha akasimama akaitazama baiskeli yangu, ya kukodi, yenye gia nyingi na breki za sahani. Akaizunguka. Akaubonyeza usukani. Akauliza:

“Kaka, hii haina karia. Inabeba nini?”

“Inanibeba mimi.”

“Sawa. Na wewe inakupeleka wapi?”

“Lushoto.”

“Lushoto kuna nini?”

“Tunalala, kesho tunashuka.”

Akanyamaza, akapokea elfu moja yake, halafu akanirudishia mia tano. Nikajaribu kukataa. Akasema hapana kaka, chukua, safari ni ndefu.

Lakini ya fundi ni madogo. Kubwa lilikuwa mbele. Mke wangu ni Msambaa, na kwao ni juu ya Soni, ukiacha barabara kidogo kushoto. Nilimwomba tangu Dar, tena kwa kumpigia magoti, kwamba safari hii tupite kimya, tuje siku nyingine na gari na kilo za sukari. Akasema nimechanganyikiwa, nyumbani kwa mama hapapitwi. Wakati tunabishana, kumbe muuza plamu ni mtoto wa shangazi yake, ameshapiga simu.

Wewe unayesoma, kama una mama mkwe anayeheshimika, kaa chini ufikirie. Mkwe wa kiume, ambaye siku zote anafika pale na suruali ya kitambaa na shati la mikono mirefu, anajitokeza uani na kaptula ya kubana yenye sponji matakoni. Nilijificha nyuma ya migomba. Si utani, nilisimama nyuma ya migomba na kofia ya plastiki kichwani, mpaka shemeji yangu mdogo akaniletea kanga mbili. Moja nikajifunga kiunoni, nyingine mabegani, nikaenda kuamkia hivyo. “Shikamoo mama.” Mama mkwe akaitikia marahaba baba, karibuni, huku macho yake yakiwa juu ya paa la jiko, kwa adabu. Nyuma yangu kundi zima la rangi ya machungwa likapanga foleni kusalimia, na Mwenyekiti akaanza kutoa hotuba ya utambulisho kwa itifaki.

Ilikuwa tusalimie tu. Unadhani mama wa Kisambaa ataona watu wanavuja jasho namna ile awaache waondoke? Jogoo wawili walikwisha. Yakaja makande, zikaja ndizi za nazi, yakaja maziwa ya mgando kwenye sufuria nzima, na kila aliyesema ameshiba aliongezewa kwa kuwa ameonekana mgonjwa. Mratibu wa Afya, aliyetukataza wali tangu Chalinze, alikula mpaka akafungua zipu ya fulana. Hapo pana jambo niseme kwa haki: ndiyo mara pekee kwenye safari zote za baiskeli wenye nguvu na wachovu walipumzika muda ule ule.

Wakati wa kuaga, mjomba wake mke wangu akanishika mkono akanivuta pembeni, kwenye banda la mbuzi. Akatazama huku na huku. “Baba,” akasema, “mambo Dar ni magumu?” Nikasema hapana mjomba, ni mazuri. Akatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayeelewa fahari ya mwanamume. “Mama amesema mchukue hii. Ya nauli. Pale barabarani Hiace hazikosi.” Akanifumbatisha noti mbili za elfu kumi zilizokunjwa zikawa ndogo kabisa. Zawadi ya mkwe hairudishwi. Nikazipokea kwa mikono miwili, ndani ya kanga. Tulipofika barabarani Mhazini akauliza kama fedha hizo ni zangu binafsi au zinaingia kwenye mfuko wa kundi.

Tulifika Lushoto gizani. Kushuka kesho yake kulikuwa rahisi kuliko kupanda, ukitoa malori ya kabichi na karoti yanayotoka kona bila kukuuliza, na ukitoa vidole vyangu vilivyokataa kuachia breki mpaka Korogwe.

Ningeishia hapo kama si shemeji yangu mwingine, mdogo wake mke wangu, anayeishi Munich na mumewe. Aliona picha zetu akalia kwa furaha. “Shem!” akasema kwenye simu, “kumbe na wewe unapenda baiskeli! Huku ndiko kwenyewe.” Akatuandikisha, yeye na sisi, kwenye safari ya kikundi kando ya mto Danube, kutoka Passau ya Ujerumani mpaka Vienna, zaidi ya kilomita 300. Kwa kuwa ni zawadi ya shemeji nayo haikurudishwa.

Kwanza viza. Fomu inauliza madhumuni ya safari. Nikaandika: kuendesha baiskeli. Dada wa dirishani akasoma, akanitazama kiunoni, akaitazama taarifa ya benki, akanitazama tena. Akauliza kama ninakwenda kwenye mashindano. Nikasema hapana, polepole tu. Akauliza nitarudi? Nikamwambia dada yangu, ukiisoma ratiba hii utaona mtu anayetamani kurudi kabla hajaondoka. Wanataka pia bima ya afya isiyopungua euro 30,000, ndani yake kuna gharama za kurudisha maiti nyumbani. Nikafarijika kidogo. Angalau kuna mtu aliyelitazama jambo hili kwa uzito unaostahili.

Kutoka Munich tulipanda treni, na baiskeli zetu zikakatiwa tiketi zake. Baiskeli inalipa nauli! Nikamkumbuka mzee wa majani ya ng'ombe, jinsi ambavyo angenishika mkono anikalishe chini.

Passau ndipo inapokutana mito mitatu, Danube, Inn na Ilz, na pale kwenye kingo kundi letu lilikuwa limeshapangwa mstari. Wengi walikuwa wastaafu wa Kijerumani na wa Kiholanzi, warefu, wana miguu ya kamba. Kiongozi alitugawia karatasi ya kanuni, kurasa mbili, ya kwanza ikiwa juu ya namna ya kunyoosha mkono unapotaka kusimama. Nilitafuta mwenyekiti na mhazini sikuwaona. Nikasema hapa nimepona.

Na kwa kweli barabara yao ni nzuri, sitaki kumsingizia mtu. Njia ya baiskeli peke yake, lami laini, haina lori, haina bodaboda inayokuja upande wako, mto unateremka kushoto na wewe unateremka nao. Begi lako linatangulia na gari la mizigo, unalikuta hotelini limesimama mlangoni. Pasipo na daraja kuna kivuko kidogo, unaingia na baiskeli yako, unavushwa. Mabango ya njia yamesimama kila penye shaka. Hata ukitaka kupotea unapata tabu.

Tatizo ni lile lile. Siku ya kwanza, kabla ya chakula cha mchana, alinipita bibi wa miaka 78. Najua umri wake kwa sababu aliniambia mwenyewe akinipita, kwa sauti isiyohema, mgongo umenyooka, kikapu mbele na maua ndani yake. Baiskeli yake ilikuwa na betri. Wote walikuwa na betri. Shemeji ndiye aliyetuchukulia za kawaida, akasema sisi bado vijana, betri ni za wazee. Basi wazee wakawa wanafika mbele, wanashuka, wanakunywa maji, wanakula tufaha, na sisi vijana tukitokea tumekauka midomo, kiongozi anahesabu vichwa, anainua kidole gumba, wanaondoka. Hawapigi makofi, hawasemi “tumetimia”, ila dhuluma ni ile ile, sema imetiwa adabu. Nilidhani ni ugonjwa wa kwetu. Kumbe mtu ukimpa baiskeli na mwenzake wa kumsubiri, yuko vile vile Soni na kando ya Danube.

Na muda! Kwetu Mwenyekiti akisema tunaondoka saa kumi na mbili alfajiri, mwenye akili anaamka saa moja, anakunywa chai, na bado anakuta Coaster inasubiri vitafunwa. Kule walisema saa mbili na nusu. Nilishuka uani saa mbili na dakika thelathini na tatu nikakuta uwanja mtupu, na shemeji peke yake amesimama na baiskeli tatu, uso wa mtu aliyeaibishwa mbele ya taifa lililompokea. Kahawa ilikuwa kwenye ratiba. Keki ilikuwa kwenye ratiba. Kuangalia mandhari kulipewa dakika kumi na tano, baada ya hapo mandhari yaliendelea kuwepo bila sisi.

Njia ile inapita Mauthausen, palipokuwa na kambi ya mateso ya Wanazi. Wafungwa walibeba mawe kutoka machimboni kwa ngazi 186, na maelfu kwa maelfu hawakutoka hai. Ratiba ilipapangia dakika 45, kati ya kahawa na keki. Mke wangu alisema haendi kula keki, akabaki kule juu, nami nikabaki naye, na shemeji akabaki. Kiongozi alitazama saa yake, kisha akamtazama mke wangu, akaona bora aandike kitu kwenye daftari lake. Jioni tulifika hotelini kwa muda wetu wenyewe, na bibi wa betri alikuwa ametuwekea mkate.

Siku zilizofuata zilikuwa za mashamba ya zabibu na mishmishi, bonde la Wachau, pazuri mno, na mimi nimekaa juu ya kitandiko chembamba ambacho aliyekibuni hakuwahi kukaa. Tukafika Dürnstein. Juu ya kilima kuna magofu ya ngome ambamo mfalme Richard wa Uingereza alifungwa mwaka 1192, alipokamatwa akirudi kutoka vitani, kisha akahamishwa, na hakuachiwa mpaka fidia ilipolipwa. Kundi likaegesha baiskeli, likaamua kupanda kwa miguu. Kupanda! Watu wametoka kuendesha asubuhi nzima! Nikamwambia mke wangu yule mfalme alipelekwa kule kwa nguvu, na watu wake walichanga ili aachiwe. Nikabaki mgahawani na madonge ya mishmishi ya moto yenye sukari juu. Gari la mizigo lilikuwa limeegeshwa hapo, na dereva wake, kijana wa Kituruki, alikuwa anakula madonge yale yale. Alikuwa amefika tangu saa nne, amelala kidogo, sasa anasubiri kwenda kulala mbele. Hatukuwa na lugha ya pamoja, lakini tulielewana kabisa.

Jioni ndipo ilipokuja hesabu. Kwetu kuna mtu mmoja atajitutumua kulipia meza nzima, halafu atawasema mwaka mzima, nanyi mnajua mnasemwa, mambo yanakwenda. Kule kila mtu alilipa chake, glasi kwa glasi, mhudumu akizunguka meza na pochi kubwa nyeusi. Bibi wa betri, ambaye mchana tuligawana naye chupa ya juisi, alifungua kipochi chake akahesabu nusu yake kwa senti, akaisukuma mbele yangu, akanipigapiga mkono. Mke wangu akanong'ona kwamba tumetukanwa. Shemeji akanong'ona kwamba tumeheshimiwa. Nikaweka senti mfukoni, pamoja na mia tano ya fundi, ambayo nilikuwa bado ninatembea nayo.

Vienna tulipiga picha na kupewa cheti. Mke wangu akaituma picha kwenye kundi la Dar usiku huo huo, na hapo ndipo alipoharibu kila kitu, kwa sababu Mwenyekiti hawezi kuona mtu amekwenda mbali kuliko kundi. Kulipokucha alikuwa ameshafungua kura. Chaguo la kwanza, Rwanda: njia ya Kongo-Nile kando ya ziwa Kivu, kutoka Rubavu mpaka Rusizi, kilomita 227, kwenye nchi ambayo yenyewe inajitangaza kwa wingi wa milima. Hoja yake ni kwamba Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza ya aina hiyo kufanyika Afrika, na sisi hatuwezi kubaki nyuma. Kubaki nyuma ni kazi yangu, sioni kwa nini ananinyang'anya. Chaguo la pili, Hell's Gate kule Naivasha, hifadhi ambayo unaruhusiwa kupita kwa baiskeli katikati ya twiga na pundamilia. Na nyati. Nyati nao wana wanaosubiri na wanaosubiriwa, na ninajua wakija watamkuta nani wa mwisho.

Mimi nilipendekeza Shinyanga. Kundi likashangaa, wakaniuliza Shinyanga kuna utalii gani wa baiskeli. Nikawaeleza kwamba kule baiskeli ndiyo daladala: unasimama barabarani, unapunga mkono, kijana wa Kisukuma anakuja, unakaa nyuma kwenye karia, yeye anaendesha, unamlipa. Kama karia ni ngumu, wengine wameweka na mto. Kura zimefungwa jana usiku. Rwanda imepata zote isipokuwa moja, na mke wangu ameshatuma kianzio cha watu wawili. Sasa hivi wanajadili rangi ya fulana.